Tulivyopulizia Dawa Sherehe ya Wadudu

Mliponiomba niwaandikie wenzetu wapya kurasa chache za kumbukumbu, mlisema niandike mambo mazuri ya kutia moyo. Nimeanza mara kadhaa, na kila nikifika penye kutia moyo kalamu inagoma. Nina hasira. Nilistaafu nikiwa na hasira, nikaja nayo hapa Kawajense, napika nayo na kulala nayo, na sioni dalili kwamba ina mpango wa kuhama. Mambo mazuri yatakuwepo, maana yalikuwepo kweli, lakini mtayapata kwa mpangilio wangu. Mwisho wake mnaujua, ingawa pale ofisini hakuna anayeutaja.

Habari za vyeo sitaziandika. Vingine nilivipata kwa kuchelewa, vingine sikuvipata, yameisha.

Nilifika Mpanda kwa treni kutoka Tabora, binti wa Kifipa mwenye cheti kipya cha maabara na sanduku la bati. Nilipangiwa kitengo cha wadudu. Siku ya kwanza nilivaa suti ya bluu iliyokoza, ambayo mama alinishonea Sumbawanga ili nionekane mtu wa ofisi. Mzee Malongo, aliyekuwa mkuu wa timu ya mbung'o, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema nipande nyuma ya Landrova tuelekee Sitalike. 

Kwa ambao hamjakaa nyuma ya gari la wazi kule karibu na hifadhi, jueni kwamba mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na katika rangi zote hupenda bluu iliyokoza. Ndiyo maana mitego yetu ilishonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Hatujafika hata Sitalike, mgongo wangu wote ulikuwa umefunikwa. Mzee Malongo alikuwa ananiokota mbung'o mmoja mmoja na kuwatia kwenye kichupa, kwa adabu kabisa, huku akimwambia dereva kwamba leo hakuna haja ya kushusha mtego. Nililia machozi, yeye akanipa koti lake la kaki. Suti ile baadaye niliifumua nikashonea mtego, na ulikuwa mtego mzuri.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuwa na tabia zake. Kulikuwa na mrija wa kunyonyea: mpira mwembamba unauweka mdomoni, unavuta pumzi, mdudu anaingia kwenye kichupa. Ndani yake huwekwa kipande cha chandarua ili mdudu asifike kooni. Wekeni vipande viwili, na msiniulize nimejuaje. Kulikuwa na chupa ya mkojo wa ng'ombe, ambao ukikaa mpaka unatoa watu machozi ndio unaomvuta mbung'o kwenye mtego. Nimewahi kushushwa kwenye basi la Inyonga kwa sababu ya chupa hiyo, na sikuwalaumu abiria.

Mzee Malongo alimchukia mbung'o kwa sababu alikuwa ameona malale kwa macho yake, watu wazima wakisinzia na vijiko mkononi. Lakini huyo huyo alikuwa na mizinga ya nyuki nyumbani, na alitembea akikwepa njia za siafu. Alisema kazi yetu ni kujua nani ni nani. Anayeua bila kujua anaua nani, alimwita mharibifu hata kama amevaa sare ya serikali.

Sasa niwaambie jinsi desturi yetu ya kupiga hodi ilivyoanza, maana nasikia siku hizi mnaiona ni upotezaji wa muda.

Ulikuwa mwaka wa viwavijeshi. Mahindi yalikuwa yanaliwa upande wote wa Katumba, kwenye mashamba ya wale wenzetu ambao wazazi wao walitoka Burundi, na sisi tulipeleka mabomba ya dawa mbio mbio. Timu yetu ilipulizia mchana, jua kali, mahindi yakiwa yametoa maua. Mliosoma mnajua nani anakuwa kwenye maua saa hizo. Siku iliyofuata alikuja ofisini mzee mmoja, Baba Nestori, na beseni alilolifunika kwa kitambaa. Aliliweka juu ya meza ya Mzee Malongo, akafunua. Lilikuwa limejaa nyuki waliokufa. Hakupiga kelele wala kudai fidia. 

Mzee Malongo alinyanyuka kwenye kiti. Angeweza kusema ni upepo, au ni dawa ya duka fulani, na wapo ofisini waliomnong'oneza aseme hivyo. Yeye alichukua baiskeli, akaniambia nichukue nyingine, tukaenda Katumba. Tulipita nyumba kwa nyumba kwa wote wenye mizinga. Kila mlango alipiga hodi, akavua kofia, akasema: "Nyuki wenu tumewaua sisi. Hawakufa wenyewe." Wengine walitupa maji ya kunywa, wengine walitufungia mlango. Alikubali vyote viwili. Wakati wa kurudi nilimuuliza kwa nini asiitishe mkutano mmoja aseme mara moja yaishe. Akasema kwamba tulivyoua hatukuitisha mkutano.

Tangu hapo kitengo chetu kikawa na desturi. Kabla bomba halijafunguliwa, jioni yake watu wawili wanapita kwa kila mwenye nyuki, wanapiga hodi mlangoni na kusema kesho tunapulizia, fungeni mizinga au ihamisheni. Hatukutuma watoto, hatukupitisha kipaza sauti, na simu zilipokuja hatukutuma ujumbe. Unakwenda mwenyewe, unaonana na mtu. Nimefanya hivyo kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda, na mara moja nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa mwisho, mvua inanyesha. Sijisifu. Nasema tu kwamba lilikuwa jambo linalowezekana.

Mzee Malongo alistaafu akarudi Inyonga kwenye mizinga yake, na huko ndiko alikozikwa. Mimi nikabaki na kitengo, na wazo ambalo tulikuwa tumeliongea kwenye gari safari nyingi: kwamba watu huua kila kinachotambaa kwa sababu hawajawahi kukitazama. Jumamosi moja nikaweka meza karibu na soko la Kashaulili, nikapanga chupa zenye kumbikumbi, mende wa porini, panzi, mbung'o, na kioo cha kukuzia. Mteja wa kwanza aliuliza senene ni bei gani. Nikamwambia siuzi, aangalie tu, ni bure. Akaondoka haraka, nadhani alifikiri mimi ni mganga.

Lakini waliokubali kutazama walirudi, wakaja na wenzao, na mwaka uliofuata wakaja na wadudu wao. Hapo ndipo ikawa sherehe. Mama mmoja muuza migebuka mikavu alitoka Karema na kopo la wale wadudu wanaotoboa samaki, anataka kujua dawa yao. Nikamweka mmoja chini ya kioo. Yule mama aliinama akamtazama muda mrefu, kisha akasema, kumbe ndiye huyu anayekula mtaji wangu, na mbona mzuri hivi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamfundisha kuanika upya samaki na kuwafunga vizuri, na tangu hapo hakukosa mwaka hata mmoja.

Sheria zetu zilikuwa rahisi. Kuangalia ni bure. Hakuna meza kuu. Na mdudu aliyekuja hai anarudi hai kwa mwenyewe. Sheria hii ya mwisho ndiyo iliyowafanya watu wakubali kuleta, maana nani atakukabidhi kitu chake kizuri ukamuulie?

Mama Nestori alianza kuja baada ya mumewe kufariki. Alikuja na gogo ambalo Baba Nestori alilitoa porini miaka ile baada ya nyuki wake kufa, likiwa na kundi la nyuki wasiouma, wale wadogo weusi ambao asali yao ni chachu na hutibu kikohozi. Mama mwenyewe alilichana sehemu ya juu, fundi wa Katumba akamwekea kioo na mfuniko wa mbao. Ukifunua unaona vyumba vya watoto wao vimejipanga kwa mzunguko, na vijungu vya asali pembeni. Mlangoni nyuki hao hutengeneza bomba dogo la nta, na kwenye bomba hilo hukaa walinzi. Ukisogeza kidole wanatoka kukukagua. Watoto walipanga foleni kukaguliwa.

Huyu mama amezaliwa Katumba na ana uraia wake, lakini mjini hapa bado wapo wanaomsikia anavyotamka maneno na kumuuliza atarudi lini kwao. Pale mezani hakuna aliyemuuliza swali hilo. Walimwita mwalimu. Aliniambia mwenyewe kwamba mwaka mzima anaisubiri siku ile, na hata kitenge alichokuwa anafunikia gogo alikinunua kwa ajili ya siku hiyo tu. Naomba mlikumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Sasa nafika mwaka wangu wa mwisho.

Mkuu wa kitengo kwa sasa ni Kelvin, na kwa kuwa wote mnamjua sitamficha. Si mtu mbaya. Ana shahada ya wadudu, anawajua kwa majina ambayo mimi mpaka leo yananipa shida kuyatamka. Alisema sherehe imekua, inahitaji mfadhili na mgeni rasmi. Mfadhili akapatikana, duka moja la pembejeo linalouza dawa za kuulia wadudu. Nilicheka nikidhani ni utani. Halikuwa jambo la utani, tisheti zilikuwa zimeshachapwa. Meza kuu ikawekwa, na maua ya plastiki juu yake, kwenye sherehe ya wadudu ambao kazi yao ni maua. Nikameza maneno yangu kwa sababu nilikuwa naondoka, na mtu anayeondoka hujiambia kwamba wanaobaki wana haki ya kupanga mambo yao.

Jioni ya kuamkia sherehe watu walifika na wadudu wao. Tuliwapanga chini ya turubai uwanjani, mlinzi akakaa. Mama Nestori alilifunika gogo lake kwa kitenge, akaja kulala kwangu. Tulipika ugali na majani ya maboga, tukaongea habari za waume zetu. Asubuhi tulioga, tukavaa, tukashuka Kashaulili kwa miguu.

Harufu ilitupokea kabla hatujaliona turubai. Nimeinusa harufu ile miaka yangu yote ya kazi, siwezi kuikosea. Nilimfuata mlinzi. Mlinzi akaniambia vijana wa ofisini walikuja alfajiri na mabomba, wamepulizia uwanja mzima na turubai ndani na nje, agizo la bosi, mgeni rasmi asije akasumbuliwa na mbu wala nyuki wakati wa hotuba. Akasema alidhani mimi najua.

Ofisi yetu wenyewe. Mabomba ya stoo yetu. Vijana niliowafundisha mimi kupiga hodi Katumba na Sitalike walipulizia dawa ya wadudu kwenye sherehe ya wadudu, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona. Nimelifikiria jambo hili kila siku tangu nistaafu na bado damu inanichemka. Anapotajwa mgeni rasmi, akili za watu wazima zinawekwa kando kama viatu mlangoni.

Chini ya turubai vipepeo walikuwa wamelala kwenye sakafu ya vizimba vyao. Kumbikumbi walikufa, panzi walikufa, mbung'o walikufa, na hao ndio peke yao ambao Mzee Malongo asingewalilia. Mende walikuwa bado wanajikongoja, kama ilivyo kawaida yao. Mama Nestori hakuwaangalia wengine. Alitoa kitenge, akakikunja vizuri, akasogeza kidole chake kwenye lile bomba la nta kama afanyavyo kila asubuhi. Akangoja. Akabadilisha kidole.

"Dada," akaniambia, "mlangoni hakuna mtu."

Kelvin alifika akiwa amevaa suti. Alipoona alishika mdomo, na nawaambia kweli, kwa muda mfupi nilimwona Mzee Malongo akinyanyuka kwenye kiti. Nilimngoja anyanyuke. Kisha simu yake ikaita, msafara ulikuwa umeshaingia mjini, na uso wake ukabadilika.

"Mama, tuseme wamelala," akaniambia kwa sauti ya chini. "Asubuhi kulikuwa na baridi. Nani atajua?"

"Mwenye nyuki amesimama hapa anakusikia."

Akamgeukia Mama Nestori, akamwambia avumilie kidogo, watalizungumza baadaye. Akaagiza kitenge kirudishwe na mfuniko ufunguliwe nusu tu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko dawa yenyewe. Dawa ilitokana na uzembe. Hii ilikuwa akili, na ilikuwa akili ya mtu aliyesoma maisha ya nyuki na anajua kabisa kundi lililokufa haliamki.

Mgeni rasmi alipita mezani. Kelvin akaeleza vizuri sana, nyuki wasiouma, asali yake, dawa ya kikohozi, sasa wamelala kwa sababu ya baridi. Mgeni aliinama kwenye kioo, mtu wa heshima tu, akauliza wataamka saa ngapi. Swali hilo aliliuliza akinitazama mimi kwa sababu nilikuwa nimevaa beji.

"Hawaamki, mheshimiwa," nikasema. "Tumewaua sisi wenyewe leo alfajiri, kwa dawa, ili usiumwe na mbu."

 Kelvin akacheka, akasema huyu ndiye Mama Mbung'o wetu, anastaafu leo, ana utani sana. Basi wote wakacheka. Mgeni rasmi akacheka, akanipigapiga begani, akanitakia mapumziko mema, wakaelekea kwenye banda la mfadhili. Nimeumwa na mbung'o mgongo mzima, nimeumwa na nyuki machoni, lakini kicheko kile kimenikaa mwilini kuliko vyote. Nilisema ukweli kwa sauti, mchana, nikiwa na beji, ukapita kama kichekesho. Mama Nestori alikuwa hatua moja nyuma yangu, hakucheka, na hakuna aliyemtazama.

Baadaye wakaniita mbele kuniaga. Zawadi ilikuwa imefungwa utepe mwekundu. Nikaifungua kama walivyotaka, mbele ya watu. Lilikuwa bomba jipya la kupulizia dawa, la kubeba mgongoni, kwa hisani ya mfadhili. Nililipokea kwa mikono miwili kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Sijalijaza hata maji. Liko nje, kuku wanalalia mkanda wake.

Jioni nilimbebea Mama Nestori gogo mpaka kwenye gari la Katumba. Alipanda, nikataka kumpandishia, akalirudisha kwangu.

"Kaa nalo wewe," akasema. "Majirani waliniona natoka na nyuki. Wakiniona narudi na gogo tupu wataniuliza, na mimi jibu sina. Jibu mnalo nyie."

Gogo liko sebuleni kwangu. Sisimizi walikuja siku ya pili wakachukua asali yote iliyobaki. Hao angalau walifanya sherehe.

Nimekwenda Katumba tangu hapo, peke yangu, nikapiga hodi kwake na kwa wengine walioleta wadudu. Nimesema neno lile lile alilosema Mzee Malongo. Lakini mimi ni mstaafu mwenye kitenge na mfuko wa viazi, siyo ofisi. Mama Nestori alinikaribisha vizuri, tukala, kisha akaniuliza kwa upole kama wale wenzangu wa ofisini wanaumwa, mbona hawajaja. 

Hivi karibuni Kelvin amenipigia simu. Sherehe imekaribia, anasema, na watu wa Katumba hawajajiandikisha, mama wa Karema amesema hana nafasi, wa Sitalike hawapokei simu. Akaniomba nikaongee nao, maana mimi wananisikiliza. Kuhusu yaliyopita akasema tuangalie mbele. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, na hili ndilo jibu langu, ninyi wenzetu wapya mmepewa nakala.

Siendi kumwomba mtu alete mdudu wake. Katumba si mbali, barabara inapitika, na pikipiki ya ofisi naiona kila siku ikipita hapa na watu wakienda kula chipsi. Apande mmoja wenu, au pandeni wawili kama desturi inavyotaka, na Kelvin awe mmoja wao. Mkifika pigeni hodi. Mvue kofia. Semeni nyuki tuliwaua sisi, hawakulala. Akiwapa maji, kunyweni. Akifunga mlango, ni wake. Hakuna kingine cha kusema, na msimpelekee tisheti.

Msipokwenda, siku ya sherehe nitashuka Kashaulili mapema na lile gogo. Mama Nestori ameniruhusu. Nitaliweka kwenye meza ya kwanza kabisa, kitenge pembeni, mfuniko nimeufungua wote. Kila atakayeuliza nyuki wako wapi nitamjibu, na safari hii sitakuwa na beji wala mtu wa kucheka kwa niaba yangu. Sitatoza kitu. Kuangalia ni bure, kama ilivyokuwa tangu mwanzo.